Marahaba Bila Shikamoo

1

Kishikwambi cha Ndahani kilipoibwa, Chuo Kikuu cha Nyasimba kilisimama kizima. Alikuwa amekiacha juu ya meza ya maktaba akaenda kunywa maji, na aliporudi akakuta meza tupu. Akamwinamia nyenje, kifaa kidogo cha kupokelea malalamiko, aliyening'inia shingoni mwake pamoja na kitambulisho, akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, "Nyenje, nisikilize. Kuna mtu amechukua kishikwambi changu. Sikumpa."

Hata hajainua kichwa, milango ya maktaba ikajifunga. Taa zikageuka nyekundu, na sauti ya upole ikatangaza kutoka darini kwamba lipo shauri la daraja la nne na kila mtu abaki alipo. Polisi wa wilaya walifika kabla watu hawajamaliza kulalamika. Kishikwambi kikatolewa kwenye begi la kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, Ndahani akakifuta kioo kwa pindo la shati, akaendelea kusoma.

Nyemo Chilewa alikuwa meza ya jirani, na siku ile alipiga makofi pamoja na wenzake. Alikuwa mwaka wa nne, anasoma sheria, tena alikuwa msindikizaji, yaani mwanafunzi aliyeapishwa kuongozana na mwenzake aliyeleta malalamiko ili asiende peke yake mbele ya wakubwa. Aliwaamini nyenje. Tangu wafungwe shingoni mwa kila mtu pale chuoni, mwalimu kwa mwanafunzi, wezi walikuwa wamepungua kweli.

Wiki hiyohiyo, Somoe Mnunduma wa mwaka wa pili alimwinamia nyenje wake akiwa ameketi sakafuni, nyuma ya mlango wa bafu la bweni.

"Nyenje, nisikilize," alisema. "Dakta Kalinjuma amenivunjia heshima."

Nyenje akalia mara moja, kri, akamjibu kwa sauti ileile ya upole: "Pole, Somoe. Shauri limepokelewa. Daraja la pili, utovu wa adabu. Utaitwa chumba cha suluhu."

Hakuna mlango uliojifunga. Hakuna taa iliyogeuka rangi. Dakta Kalinjuma, mhadhiri wa Somoe, alikula chakula cha mchana kantini siku ile, wali kwa kuku, akaomba aongezewe pilipili.

Sasa, kila anayeota ndoto kwa Kiswahili anajua Somoe alisema nini. Mtoto wa shule ya msingi anajua. Mwanamke akisema mwanamume amemvunjia heshima, na sauti ikamkatika pale, watu hunyamaza. Mama mtu huvaa viatu. Wajomba huulizana huyo bwana yuko wapi. Hakuna anayeuliza, "Kwani alikutukana?" Lakini nyenje alifundishwa Kiswahili na watu wenye haraka, waliomlisha kamusi na hotuba wakasahau kumpeleka ukumbini kwa shangazi zao. Akaona heshima imevunjika, basi, akalipanga shauri la Somoe pamoja na mashauri ya wanaokatiza foleni ya chakula.

Na jambo la kumtoa mtu machozi ya hasira ni kwamba sauti ilikuwapo. Nyenje husikia kila kinachosemwa karibu na aliyemvaa, akakihifadhi mahali palipofungwa, na hakuna binadamu anayeruhusiwa kukisikiliza mpaka shauri lifike daraja la nne. Hapo sauti hufunguka yenyewe, ikaenda polisi. Shauri likiisha kwa suluhu, sauti hufutwa moja kwa moja, eti kulinda faragha. Asubuhi ile, Dakta Kalinjuma alipomfungia mlango katika chumba cha vielelezo vya masomo, nyenje wa Somoe alisikia kila kitu. Ila Somoe alikuwa amesema "samahani, mwalimu." Alikuwa amesema "naomba unifungulie mlango, tafadhali." Kwa kipimo cha nyenje, watu wanaosema samahani na naomba na tafadhali ni watu wanaozungumza vizuri.

2

"Shikamoo, mama," Nyemo alisema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Mama Mgongolwa, Mkurugenzi wa Usalama, alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyejua majina ya wanafunzi wengi kuliko wahadhiri wao. Dirisha la ofisi yake lilitazama getini, na getini ndiko ulikokuwa ule ubao mkubwa wa taa uliohesabu siku za chuo bila mtu kudhurika. Namba yake haikuwahi kurudi nyuma tangu uwashwe. Wageni kutoka vyuo vingine walikuwa wakija kupiga picha nao.

"Nimekuja kwa ajili ya Somoe," Nyemo alisema. "Kesho anaitwa suluhu. Naomba sauti ifunguliwe kabla."

"Daraja la pili halifunguliwi. Wewe unasoma sheria, unajua."

"Mama, amesema amevunjiwa heshima. Mimi na wewe tunajua maana yake."

Mama Mgongolwa hakukataa. Nyemo alikumbuka hilo baadaye, na ndilo lililomuuma kuliko yote. Mama alivua miwani, akaisugua kwa kitenge chake taratibu, akasema, "Mimi najua. Nyenje hajui. Na chuo hiki kinaendeshwa na anachokijua nyenje, kwa sababu kabla yake kiliendeshwa na wanachokijua watu, na unakumbuka mambo yalivyokuwa. Kama kuna neno lenyewe, alitaje. Mficha uchi hazai."

"Ana aibu, mama."

"Aibu haina daraja."

Nyemo alitazama dirishani. Nje upepo wa uwandani ulikuwa ukisukuma vumbi chini ya ule ubao, na mlinzi akaufuta kioo chake kwa kitambaa, kwa uangalifu.

"Isitoshe, suluhu si jambo baya," Mama Mgongolwa aliendelea, sasa akiwa na fahari. "Tuliposhauriana na mafundi, mimi ndiye niliyesema nyenje afundishwe mila zetu. Kwetu watu hawapatani kwa karatasi. Mdogo akitoa shikamoo, mkubwa akaipokea kwa marahaba, moyo umetua, jambo limekwisha. Nyenje akisikia hivyo viwili mle chumbani, anafunga shauri. Anafuatilia nani katoa, nani kapokea, vilevile anavyofuatilia mali. Hakuna chuo kingine chenye kitu hicho."

"Mama, kwetu hata mwizi wa ng'ombe, maadamu ana mvi, anapewa shikamoo. Siyo msamaha. Ni malezi tu."

"Basi malezi yake yatamsaidia amalize jambo hili salama. Funika kombe mwanaharamu apite, Nyemo. Majaji wa tuzo ya usalama wanafika wiki ijayo. Na Dakta Kalinjuma ameshateuliwa mshauri wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza."

Nyemo hakuwa na habari hiyo. Mshauri wa wanafunzi, nyenje wake hufungua kila mlango wa mabweni ya mwaka wa kwanza, mchana na usiku, bila kubisha. Ndivyo ilivyopangwa, ili mtoto akiugua afikiwe upesi.

"Mnampa funguo?" aliuliza. Sauti yake ilipanda, na hakuishusha. "Mnamjua, halafu mnampa funguo?"

"Shauri likifungwa kesho, hakuna la kumzuia." Mama Mgongolwa alivaa miwani. "Na wewe kazi yako ni kusindikiza. Ukimtia yule binti maneno mdomoni, nyenje atakunasa, na utatoka hapa bila shahada. Nakwambia kwa sababu nakupenda."

3

Somoe alikuwa anapiga pasi. Alikuwa ametandika blanketi juu ya meza ya chumba chake bwenini, ananyoosha blauzi nyeupe ya mikono mirefu, akirudia kola mara kwa mara ingawa haikuwa na mkunjo.

"Ya kesho?" Nyemo aliuliza.

"Ya kesho. Mama amenipigia kutoka Kilwa, kasema nivae nadhifu, wasije wakasema nilijitakia."

Nyemo alikaa kitandani. Alikuwa amefikiria jambo lile njia nzima, na alilifikiria kama mwanasheria, hatua kwa hatua, mpaka likaonekana zuri. Kanuni za chuo zilikuwa na kifungu kwa ajili ya wanafunzi wasiosikia na wageni wasiojua lugha. Msindikizaji akitamka "Ninamsemea," akataja jina la mlalamikaji, maneno yake yote baada ya hapo yalihesabiwa kuwa ya mlalamikaji mwenyewe. Hakuna kifungu kilichosema mlalamikaji lazima awe kiziwi au mgeni.

"Nitakukalimania," alisema. "Kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili, maana ndiko walikotufikisha. Wewe unyamaze tu. Nitasema neno lenyewe mimi, daraja litapanda, sauti itafunguka. Hatapewa funguo."

"Neno gani?"

"Lile la kwenye sheria."

Somoe aliisimamisha pasi. "Litamke."

Nyemo akafungua kinywa. Neno lile alikuwa ameliandika kwenye mitihani mara nyingi, kwa wino, pamoja na kifungu chake na adhabu yake. Lakini mbele ya uso wa mtu lililompata, lilikwama. Alikohoa, akatazama chini, na masikio yakamwaka moto.

"Unaona?" Somoe alisema, bila ubaya. "Na wewe hata halijakukuta."

"Kesho nitaliweza."

"Ukiliweza, nyenje atalinakili pembeni ya jina langu, na halitafutika. Nikiomba kazi lipo. Akija mtu kuniposa, nduguze watamuuliza nyenje kwanza kabla ya kumuuliza baba yangu. Yeye ataitwa Dakta Kalinjuma mpaka afe, mimi nitaitwa lile neno." Aliinyanyua pasi tena. "Halafu mnaniambia nina aibu, sisemi. Mimi nimesema, dada Nyemo! Nimesema siku ileile, kwa Kiswahili nilichofundishwa na bibi yangu. Wao ndio hawajui lugha."

Nyemo aliinuka kitandani.

"Niahidi hutanisemea."

Hapo ndipo palipomshinda. Aliwaza wale wasichana wa mwaka wa kwanza, na milango yao inayofunguka bila kubisha. Angenyamaza, kesho Somoe angeingia chumbani, ulimi wake uliolelewa vema ungetoa shikamoo wenyewe kabla hajajijua, na sauti ingefutwa, na wale wasichana wangelala bila kujua nani ana funguo. Angesema, angemfanyia Somoe mara ya pili kilekile alichofanyiwa mara ya kwanza, kumchukulia kilicho chake pasipo ridhaa yake, tofauti ni kwamba yeye angefanya kwa nia njema.

"Tutaonana kesho," alisema, akatoka bila kuahidi, na akajichukia kwa hilo.

4

Chumba cha suluhu kilipambwa ili mtu asikumbuke kilichomleta. Palikuwa na zulia, makochi yenye vitambaa vya kufuma, chupa ya chai ya tangawizi, na sahani ya karanga. Nyenje mkubwa alikaa darini, mweusi, akitazama chini.

Dakta Kalinjuma alikuwa ameshafika, ndani ya suti ya kaunda ya kijivu, kichwa kimeanza mvi mahali pazuri. Alikuwa anamsimulia Mama Mgongolwa habari za shamba lake la zabibu. Somoe na Nyemo waliingia wakakaa kochi moja.

"Shauri la daraja la pili," nyenje alisema. "Wahusika wote wapo. Salimianeni."

Nyemo aliuona mdomo wa Somoe ukisogea, ile "shi" yenyewe ikijitengeneza kwenye meno kama inavyojitengeneza kwetu sote mbele ya mvi. Halafu mdomo ukafungwa. Somoe akaikazia macho chupa ya chai.

"Somoe, mwanangu," Mama Mgongolwa alisema kwa upole. "Wewe ni wa Kilwa. Adabu mnatufundisha ninyi."

Somoe akaendelea kuitazama chupa.

"Ndio watoto wa siku hizi," Dakta Kalinjuma alisema, akatabasamu kwa kila mtu. "Mimi sina kinyongo. Kulikuwa na kutoelewana kidogo, nikamsamehe palepale. Lakini asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu."

Alimtaja mama yake Somoe. Yule mama aliyesema avae nadhifu. Kabla Nyemo hajapima chochote, kinywa chake kilikuwa kimefunguka.

"Nina—"

Mkono wa Somoe ulishuka juu ya goti lake, ukakaza. Haukuwa mkono wa kuomba.

"Msindikizaji, unasemaje?" nyenje aliuliza.

Nyemo alimtazama Somoe, na Somoe alikuwa bado anatazama chai. Neno lilikuwa tayari, safari hii lisingekwama. Akalimeza, na lilimuuma likishuka.

"Nina kiu," alisema.

Dakta Kalinjuma akacheka kwa sauti. Akammiminia chai mwenyewe, akamsogezea karanga, akaegemea kochi kama mtu aliye sebuleni kwake. Kisha akamgeukia Somoe na kumfanyia jambo ambalo kila mtu mzima amewahi kumfanyia mtoto aliyepita bila kuamkia. Aliinua nyusi, akainua kidevu, akasema kwa nguvu, kumsuta:

"MARAHABA!"

Mama Mgongolwa akatabasamu. Nyenje akalia, kri, halafu akanyamaza kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Hakuna aliyewahi kumfundisha kusutwa.

"Marahaba imepokea," alisema hatimaye. "Shikamoo haikutolewa. Mhusika mmoja amechukua asichopewa. Mlalamikaji, ulimpa?"

Somoe aliinua kichwa. Nyemo alihisi mkono ule ukilegea gotini mwake.

"Sikumpa," Somoe alisema.

"Taja ambacho hukumpa."

"Ni salamu tu hiyo," Mama Mgongolwa alisema haraka, akinyanyuka. "Nyenje, rudia hatua ya—"

"Salamu sikumpa," Somoe alisema, na hakuharakisha. "Na siku ile chumba cha vielelezo nilimwomba anifungulie mlango. Nilimwambia samahani. Nilimwambia naomba. Alichochukua pale sikumpa. Amechukua." Alipumua. "Sikumpa."

Milango ikajifunga. Taa zikageuka nyekundu juu ya vitambaa vya kufuma na sahani ya karanga.

"Daraja la nne," nyenje alisema kwa upole wake uleule. "Kuchukua bila kupewa. Sauti imefunguliwa, imekwenda polisi wilayani. Kila mtu abaki alipo."

Nyemo alimkumbuka Ndahani na kishikwambi chake, na alivyopiga makofi siku ile maktabani. Hakujisikia ushindi hata kidogo. Alijisikia hasira, kwa sababu mtoto wa watu amelia kwa lugha yake hakusikika, ikabidi ajisemee kama kishikwambi ndipo milango ifungwe. Na aliyempa nafasi hiyo si sheria, wala mkurugenzi, wala yeye Nyemo na vifungu vyake. Ni kiburi cha yule bwana, aliyezoea kupokea hata pale asipopewa.

Dakta Kalinjuma aliuendea mlango. Alimbonyeza nyenje wake kwenye kitasa, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akapiga kwa kiganja. Mama Mgongolwa alikuwa dirishani, simu sikioni, anaomba mtu wa getini auzime ubao wote, auzime umeme kabisa ikibidi. Mtu wa getini alikuwa anamjibu kwamba namba imesharudi sifuri yenyewe na watu wanaipiga picha.

"Mmelichafua jina la chuo," Mama aliwaambia, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Lilikuwa chafu, mama," Nyemo alisema. "Tulikuwa tumelifunika."

Mlango ulifunguliwa kwa nje. Aliingia askari mmoja wa kike, mtu mzima, viatu vimejaa vumbi, kofia kwapani, na sikioni bado amevaa kidude cha kusikilizia. Alikuwa amesikiliza sauti ile njia nzima. Macho yake yalionyesha hivyo.

"Shikamoo, afande," Dakta Kalinjuma alisema upesi, na mvi zake zote.

Askari hakuitikia. Alimpita, akaenda kusimama mbele ya kochi.

Somoe alisimama, akainyoosha blauzi yake. Hakuna aliyemwambia aseme lolote, na hakuna aliyemsubiri.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu," askari akajibu, akakitoa kile kidude sikioni. "Nimekusikia."